Jogoo wa Jirani na Rangi ya Viatu

Alhamisi, tarehe 9 Aprili

Mpendwa Bi Ottilie wa ukurasa wa sita wa gazeti letu,

Nimekwama, na nakuandikia unikwamue kabla ya Jumamosi ya tarehe 18, kwa sababu siku hiyo jirani yangu anarudi nyumbani kutoka kituo cha mazoezi ya wagonjwa, na jambo la kwanza atakalofanya, kabla hata ya kuvua koti, ni kwenda bandani kumwona jogoo wake Hubert, na Hubert hayupo, amekufa, na aliyemuua ni mimi, ingawa meno yalikuwa ya rakuni, yule mnyama wa porini mwizi wa kuku usiku.

Nitaeleza kwa mpangilio. Nina miaka sitini na sita, nimesoma hadi mwisho wa sekondari, na kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kuandika joto la mapipa ya maziwa katika kiwanda cha jibini hapa Wisconsin, kila baada ya dakika kumi na tano, na nilipostaafu nikaihamishia tabia hiyo kwenye daftari langu la nyumbani, kwa hiyo tarehe ninazokupa ni za kweli hata kama mengine niliyoyasema mwezi huu si ya kweli.

Jirani yangu ni Bi Arlys, mjane wa miaka sabini na tisa, na alikuwa na kuku kumi na mmoja, mitetea kumi na Hubert. Mitetea wote amewapa majina ya akina mama wa kamati ya jiko la kanisani, na mkubwa wao, wa kijivu, mnene, mwenye jicho la mtu anayehesabu vijiko baada ya karamu, anaitwa Pauline. Pauline mwenyewe, yule wa kamati, anajua, na anajivunia.

Jumanne ya tarehe 17 Februari Bi Arlys aliteleza kwenye barafu karibu na sanduku lake la barua akavunjika nyonga. Hubert alikuwa naye, maana alikuwa na desturi ya kumsindikiza kuchukua barua, akitembea hatua mbili nyuma kama mlinzi wa waziri. Mimi nilikuwa ndani na kahawa yangu, nikasikia jogoo anapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia, nikasema kimoyomoyo leo huyu anakuwa supu, nikafungua dirisha nimtukane, ndipo nikamwona Bi Arlys amelala kwenye theluji na Hubert amesimama juu ya mgongo wake anapaza sauti kuelekea nyumbani kwangu. Daktari alisema nusu saa zaidi pale chini tungekuwa tunapanga mazishi. Walipokuwa wanampakia kwenye gari la wagonjwa aliniita.

"Leland, ufunguo uko chini ya ndoo. Nitunzie kuku wangu. Na yule bwana mkubwa mpe zabibu kavu tatu kila asubuhi. Si nne, atadeka."

Nilimpa tatu. Imeandikwa, kila siku: zabibu 3.

Sasa kosa lenyewe. Banda lina mlango mdogo unaojifungua asubuhi na kujifunga jioni kwa saa ya betri, na Bi Arlys alikuwa ameupanga ujifunge saa kumi na mbili na dakika ishirini, giza likiwa limeingia na kuku wote wako ndani. Jumapili ya tarehe 8 Machi ndipo tuliposogeza saa mbele kwa saa moja, kama sheria ya hapa inavyotaka kila Machi, na kuzirudisha Novemba, na siku hiyo kila mwaka mimi huzunguka nyumba nzima na kiti cha kupandia, maana saa za ukutani, za mezani, ya jiko na ya gari jumla ni tisa, na nilipomaliza ya tisa nikajiona mtu mwema sana, nikavuka ua, nikasogeza na ile ya mlango wa banda. Daftari linasema: "Zangu 9, ya Bi Arlys 1. Zote sawa." Bi Ottilie, kuku hawasogezi saa. Siku hiyo jua lilizama karibu saa moja kwa saa mpya, na mlango ulikuwa umeshajifunga zaidi ya nusu saa nyuma, kuku wote wakiwa bado nje wanachakura mwangani, na mimi kwangu nakula viazi kwa amani.

Jumatatu asubuhi niliwakuta mitetea kumi wamepangana juu ya paa la gereji kama kamati inayosubiri chai ichemke, na chini, mbele ya ule mlango mdogo, manyoya ya Hubert, mengi, na nyayo za rakuni kwenye matope. Alibaki mlangoni. Mitetea wote kumi walikuwa wazima. Tangu siku hiyo mlango huo naufungua na kuufunga kwa mkono.

Nilitaka kusema siku hiyo hiyo, nikapiga simu kituoni, muuguzi akanijibu kwamba Bi Arlys amepandwa na homa na asipewe habari nzito, nikasema basi kesho, na kesho yake akanipigia yeye mwenyewe, sauti nyembamba kama uzi, swali la kwanza, "Hubert wangu hajambo?" na mimi nikasema hajambo. Neno moja likishatoka, mengine yanapanga foleni nyuma yake.

Jumamosi tarehe 14 nilikwenda kwenye uwanja wa magari wa duka la vyakula vya mifugo, mahali ambapo watu huleta majogoo wao wa ziada kwenye maboksi wakiomba Mungu mtu awachukue. Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Duane, amekaa nyuma ya pikapu.

"Natafuta wa mabaka ya kijivu," nikamwambia.

"Mzee, ninao wanne. Beba wote."

"Nataka mmoja."

"Hakuna anayetaka mmoja, mzee. Watu wanataka sifuri. Beba wawili, nakupa na boksi."

"Mmoja tu. Afanane na huyu." Nikamwonyesha picha ya Hubert kwenye simu.

Akaitazama kwa muda. "Huyu amekufa, siyo?"

"Hapana."

"Pole, mzee," akasema, akanichagulia aliyefanana zaidi.

Alikuwa pora wa miezi saba, miguu mirefu, shingo kama ya mvulana aliyevaa shati la kaka yake. Najua kuku mgeni hutengwa mwezi mzima asije na ugonjwa, lakini wakati huo kituoni walisema Bi Arlys angerudi mwisho wa Machi, kwa hiyo nikamweka wiki moja tu kwenye kizimba cha mbwa gerejini kwangu, na Jumamosi ya tarehe 21 nikamwachia kwenye uwanja wa mitetea. Alifanya yale wanayofanya, akashusha bawa moja akamzunguka Pauline kwa madaha. Pauline akamwacha amalize. Kisha akamrukia kichwani. Wengine tisa wakaja kusaidia. Daftari: "Pora amejificha chini ya viota, saa nne na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni."

Siku iliyofuata Bi Arlys akapiga simu. "Leland, peleka simu bandani, nataka kumsikia Hubert."

Nikapeleka. Pora akatoa kitu kilichoanza kama kuwika na kuishia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Ana mafua?" akauliza.

"Nadhani ni baridi, Bi Arlys."

"Ahaa. Baridi. Basi zile zabibu acha kumpa kwa sasa."

"Zinaumiza koo?"

"Ndiyo, Leland. Zinaumiza koo. Na weka sufuria ya pili ya chakula mbali na ya kwanza, nyuma ya kona, ale bila kuonwa na wenzake."

"Hiyo inasaidia mafua?"

"Sana."

Tangu hapo kila siku saa kumi jioni amekuwa akiniuliza mgonjwa anaendeleaje na kunipa tiba mpya, na mimi nimezitekeleza zote ili uongo wangu usimame vizuri. Tarehe 24 aliniagiza niegemeze mbao mbili ukutani uwanjani, mgonjwa apate pa kujikinga na upepo. Tarehe 27 akasema nining'inize kabichi nzima kwa kamba. Nikauliza kabichi ya nini, akajibu, "Ya kuwashughulisha akina mama, Leland, ukimwona mgonjwa wako anaandamwa na mitetea wasio na kazi utafurahi?" Tarehe 29 nilimwambia Pauline amemdona tena. "Usimwokoe," akasema. "Kijana akiokolewa kila siku hajifunzi adabu." Tarehe 31 akaniambia nimtoe Pauline na kumtenga siku tatu. "Naye ameambukizwa?" nikauliza. "Yeye ndiye anayeambukiza," akajibu, na nikamsikia anacheka, nikafurahi kwamba afya inarudi. Hilo la Pauline ndilo pekee sikulifanya. Sikuweza kumkamata, na kusema kweli namwogopa.

Ajabu ni kwamba mambo yalianza kwenda vizuri. Tarehe 3 Aprili pora alikula na wenzake sufuria moja kwa dakika sita. Tarehe 4 alilala juu ya mti wa kulalia ndani ya banda pamoja na wengine, mwisho kabisa, lakini juu. Kisha tukapewa tarehe ya Bi Arlys kurudi, na mimi nikaogopa, nikamtazama yule pora kwa macho ya Bi Arlys. Hubert alikuwa na upanga wa kichwani uliokufa ncha kwa baridi ya miaka mingi, meno matatu meusi kabisa, na mguu wa kushoto ulikosa kidole kimoja. Nakiri kwamba nilivitazama vidole vya huyu pora kwa muda mrefu kuliko inavyompasa Mkristo. Sikumgusa kidole. Lakini Jumatatu ya Pasaka nilichukua rangi ya viatu, nyeusi, ile ninayopaka viatu vya kanisani, nikampaka ncha tatu za upanga, nikazing'arisha.

Hakumaliza dakika moja. Mitetea wote walimvamia kichwani kana kwamba nimempaka asali, na nilipofika alikuwa anavuja damu na Pauline ana mdomo mweusi. Sasa pora yuko juu kabisa ya boma la viota, hashuki, hawiki, namlisha kwa kijiko cha mpini mrefu.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, nifanye nini mitetea hawa wamkubali huyu pora ndani ya siku tisa, Bi Arlys akija aone kundi lililotulia asitilie shaka? La pili, je, kuna haja yoyote ya kumwambia, mtu wa umri wake, aliyetoka kuvunjika nyonga, kwamba jogoo aliyemwokoa nimemfungia nje mwenyewe, kwa saa, kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe sawa? Tumekuwa majirani miaka ishirini na miwili na hajawahi kugonga mlango wangu, huwa anaingia tu. Sitaki aanze kugonga.

Nakuomba usiichape kabla ya tarehe 18. Anakusoma.

Jirani wa Ng'ambo ya Ua

*

Jirani,

Jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza, na wasomaji wengine wanalipata baada ya Jumamosi yako kupita, majina yote yakiwa yamebadilishwa, hata la jogoo, hata la Pauline, ambaye sina ujasiri wa kugombana naye.

Kabla hujamaliza kusoma, nenda ukamtoe huyo pora hiyo rangi ya viatu. Kitambaa laini, mafuta kidogo ya kupikia, kisha maji ya uvuguvugu. Tandika gazeti chini, hata ukurasa wangu, sitanuna. Kuku hudona kitu chochote chekundu, cheusi au kinachong'aa ambacho jana hakikuwepo, na wewe umevichukua vyote vitatu ukamvisha mtoto wa watu kichwani ukamwingiza kwa wanawake kumi. Mitetea hawakumkataa siku ile. Ulimchorea shabaha.

Pole kwa Hubert. Nasema kwa moyo, maana nimefuga kuku na najua majogoo wa namna ile ni wachache; wengi, rakuni akija, huwa wa kwanza kupanda paa. Na kuhusu saa, sikusuti sana. Mtu aliyeshika kiti cha kupandia siku ya kusogeza saa huwa hana breki. Ulifanya kosa la mtu makini, na kosa hilo lina msamaha.

Ninachokusuta ni kilichofuata. Wewe umeishi kwa kuandika, lakini naona husomi ulichoandika. Chukua daftari lako ufungue tarehe 22 Machi. Kabla pora hajawika, Bi Arlys anasema "Hubert". Baada ya kuwika, anasema mgonjwa, anasema kijana, anasema mgonjwa wako, na wewe umeniandikia maneno yake yote mpaka mwisho wa mwezi bila jina la Hubert kutokea tena hata mara moja. Sasa jiulize, ewe bwana wa mapipa ya maziwa: ni nani anayetibu mafua ya jogoo kwa sufuria ya pili ya chakula? Mbao za kujikinga na upepo, kabichi ya kuwashughulisha akina mama, usimwokoe ajifunze adabu, mtoe mkubwa wao siku tatu. Hizo si dawa za mafua. Hayo ndiyo maagizo ya kuingiza jogoo mgeni kwenye kundi la zamani, kwa mpangilio wake, hatua kwa hatua, kama ningekupa mimi, ila yake ni bora. Mwanamke aliyelala na jogoo yule akiwika chini ya dirisha lake kila alfajiri ulidhani atadanganywa na mlango usiotiwa mafuta?

Anajua, Jirani. Amejua tangu Jumapili ile. Kwa wiki tatu amekuwa kitandani na nyonga ya chuma, anakufundisha kwa simu kutunza jogoo ambaye wewe huna adabu ya kumwambia kwamba unaye. Alipokwambia uache zabibu, alikuwa anamzika Hubert, peke yake, na wewe ukamuuliza kama zinaumiza koo.

Kwa hiyo swali lako la pili limejijibu. Sasa la kwanza, maana pora naye ana haki zake.

Mshushe kutoka kwenye boma la viota na umweke kwenye kile kizimba cha mbwa, lakini ndani ya uwanja, mitetea wamwone wasimfikie, mpaka kidonda kikauke na kuwa cheusi kwa haki yake mwenyewe. Jioni hiyo hiyo, Pauline akishapanda kulala, vaa glavu umchukue kama mkate kutoka kwenye tanuri. Kuku aliyelala hana cheo. Mpeleke gerejini kwako siku tatu, chakula na maji tele, asikuone unatetemeka. Kidonda kikikauka mwachie pora kwanza, na Pauline umrudishe baada yake, ili safari hii yeye ndiye mgeni anayebisha hodi. Sufuria mbili zibaki. Mbao zibaki. Kabichi mpya. Watamdona bado, na wewe simama nje ya waya mikono nyuma, uingie tu ukiona damu. Jogoo wa miezi saba hupigwa na mitetea wakubwa katika kila banda kutoka hapa hadi Kanada. Ndiyo shule yake, na asiyepitia shule hiyo hukua akawa mkorofi anayerukia watoto miguuni. Usitegemee awe mlinzi wa mtu mwaka huu. Mwakani, labda. Na vidole vyake vyote vinane viendelee kuwa vinane.

Kisha, kesho yake baada ya kuipata barua hii, nenda kituoni. Usingoje Jumamosi. Jumamosi kutakuwa na wapwa, keki, na akina mama wa kamati wenye vyombo vya viazi, na mtu hawezi kukiri kifo katikati ya viazi. Nenda ukiwa peke yako, vaa viatu vya kanisani, naona vimeng'aa. Usimpelekee pora, si maonyesho. Peleka daftari, ufungue tarehe 8 Machi, umsomee ulivyoandika, zangu tisa, yake moja, zote sawa, kisha usome ya tarehe 9 mpaka mwisho, pamoja na mahali alipobaki Hubert na idadi ya waliokuwa juu ya paa. Hilo la mwisho hujamwambia mtu aliyestahili kulisikia kuliko wote. Anajua kwamba jogoo wake amekufa. Hajui alikufaje, na kwamba kumi walipona.

Atakukasirikia. Ana haki ya siku chache kwa ajili ya rakuni na wiki kadhaa kwa ajili ya mafua. Akianza kugonga mlango wako, mfungulie kila mara bila kusema lolote, mpaka achoke kugonga. Jina la pora usilipendekeze. Ile saa ya mlango irudishe leo hii kama ilivyokuwa kabla hujaigusa, na kila Machi na kila Novemba zizungukie saa zako tisa utakavyo, lakini ukifika bandani, mikono mfukoni.

Na kabla hujaaga, muulize kama huyu mpya aanze kupewa zabibu. Akisema bado, itikia tu, urudi nyumbani, na kila asubuhi uandike sifuri mpaka yeye mwenyewe akutajie idadi.

Ottilie